Red Holzman: Mlinzi Mfupi Aliyegeuka Mwalimu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu akitajwa hapa shuleni kuwa bingwa wa mpira wa kikapu, swali la kwanza tuulizalo ni, "Ana urefu gani?" Wala si ajabu. Mtanzania wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya Marekani, iitwayo NBA, ni Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, ambaye mwaka 2009 alikuwa wa pili kuchaguliwa kati ya wachezaji wapya wote wa mwaka ule, naye kimo chake chapita sentimita 215. Tangu hapo imekuwa kama sheria. Mvulana mrefu wa Kidato cha Kwanza huitwa kiwanjani kabla hajashusha sanduku lake, hata kama hajapata kuushika mpira wa kikapu tangu azaliwe. Na mfupi huambiwa ajaribu mbio za mita mia nne.

Basi katika makala hii napenda kuwaeleza wasomaji wa vimo vyote habari za Bwana William Holzman wa New York, aliyeitwa "Red", yaani mwekundu, kwa sababu ya rangi ya nywele zake. Urefu wake ulikuwa sentimita 178, ambao hauzidi ule wa wavulana wengi wa darasa letu. Alianza kucheza mpira wa kulipwa wakati ligi ya NBA ilikuwa bado haijazaliwa. Akapata ubingwa mara mbili akiwa mchezaji, akafukuzwa kazi ya kufundisha timu, akakaa miaka 10 bila timu, kisha akarudi akawapa watu wa New York ubingwa wao wa kwanza na wa pili. Kueleza hayo peke yake kungetosha nusu ukurasa. Swali lililonishughulisha mimi ni hili: alijua nini ambacho wengine hawakukijua? Naamini kwamba alifundisha kama mlinzi, na nitajaribu kuonyesha maana ya maneno hayo.

Kwanza neno lenyewe. Timu ya mpira wa kikapu ina watu watano uwanjani: mmoja wa kati, ambaye kwa kawaida ndiye mrefu kuliko wote, wawili wa mbele, na wawili walinzi. Jina "mlinzi" lapotosha kidogo. Lilitoka katika siku za mwanzo za mchezo, walipokuwapo wachezaji waliobaki nyuma kulinda kikapu chao. Baadaye kazi ikageuka, jina likabaki. Mlinzi wa leo ni kama kiungo katika kandanda. Yeye ndiye aletaye mpira toka nyuma, atazamaye wenzake wanne wako wapi na maadui watano wanataka nini, kisha aamue mpira uende kwa nani. Mchezaji wa kati akipewa mpira hana budi kuupeleka kikapuni. Mlinzi akiwa na mpira ana maswali manne au matano ya kujibu kwa nukta moja. Kwa sababu hiyo walinzi wengi wamekuwa walimu wa timu, au makocha kama tusemavyo siku hizi. Walikuwa wakifanya kazi hiyo tangu ujana wao bila kulipwa mshahara wake.

Holzman alizaliwa tarehe 10 Agosti, 1920, katika mtaa wa Lower East Side mjini New York, wazazi wake wakiwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Ulaya ya Mashariki. Alikulia Brooklyn, sehemu ya mji ule ule, nyumba zikiwa zimebanana na viwanja vya kandanda havipatikani. Mpira wa kikapu ulifaa sana mahali kama hapo, maana hautaki nafasi kubwa. Wahitaji ukuta, chuma cha mviringo, na sakafu ngumu. (Nafikiri ndiyo sababu hata sisi tulipata kiwanja cha mpira wa kikapu kabla ya kupata cha kandanda kisicho na mawe.)

Baada ya shule ya sekondari akaingia City College, chuo cha mji wa New York ambacho siku hizo hakikuwatoza ada vijana wa mji. Maelfu ya watoto wa wahamiaji walisomea huko, maana hapakuwa na mlango mwingine uliofunguka kwao. Huko Holzman alimkuta mwalimu wa timu, Bwana Nat Holman. Huyu naye yafaa tumtaje, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wachezaji mashuhuri wa mwanzo wa kulipwa. Katika miaka ya 1920 Holman aliichezea timu ya Original Celtics iliyozunguka miji mingi ikicheza kwa malipo, na huku alikuwa akiwafundisha vijana wa City College. Alifundisha mchezo wa pasi. Mchezaji atoe mpira, akimbilie nafasi, arudishiwe. Asiyekuwa na mpira asisimame kama mnazi. Vijana wake wengi walikuwa wafupi, kwa hiyo walilazimika kukimbia na kufikiri. Miaka 20 na zaidi baadaye Holzman aliyafundisha mambo hayo hayo mbele ya watazamaji maelfu, na sidhani kwamba aliwahi kudai kuwa ameyabuni yeye.

Alimaliza chuo mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaingia jeshi la majini la Marekani, akakaa katika kituo cha Norfolk, Virginia, hadi mwaka 1945. Alipotoka akajiunga na timu ya Rochester Royals, katika mji ulioko kaskazini ya jimbo la New York.

Msomaji asifikiri kwamba kuwa mchezaji wa kulipwa mwaka 1945 kulikuwa kama siku hizi, ambapo mtu mmoja hulipwa fedha za kutosha kujenga shule kama yetu na bweni juu yake. Ligi yao, iliyoitwa National Basketball League, ilikuwa na timu za miji midogo kama Sheboygan, Oshkosh na Fort Wayne, na nyumba za kuchezea zilikuwa ndogo. Kwa mtu mwenye akili timamu mpira ulikuwa kazi ya muda tu. Katika kikosi kimoja cha Rochester cha msimu wa 1945–46 alikuwamo Otto Graham, ambaye baadaye alisifika sana katika mpira wa miguu wa Kimarekani. Alikuwamo Del Rice, aliyekwenda kucheza besiboli. Na alikuwamo Chuck Connors, aliyeishia kuwa mwigizaji wa sinema na televisheni. Holzman yeye alibaki na mpira wa kikapu. Mwaka ule ule, 1946, Rochester walikuwa mabingwa wa ligi. Msimu uliofuata timu ikamwingiza Dolly King, mmoja wa Waafrika wa Marekani wa kwanza kucheza katika ligi ile, jambo ambalo halikuwapendeza watu wote katika nchi iliyokuwa bado ikiwatenga watu weusi katika hoteli na mikahawa.

Nguvu ya Rochester ilikuwa katika walinzi wake: Bob Davies, Al Cervi, na Holzman. Lakini mbele yao alisimama mtu mmoja, George Mikan, sentimita 208. Mwaka 1947 Rochester walifika fainali wakashindwa na timu ya Mikan kutoka Chicago. Mwaka 1948 wakafika tena wakashindwa na Minneapolis Lakers, ambako Mikan alikuwa amehamia. Mwaka 1949 ni Lakers tena waliowatoa. Nawaomba wale wanaosema urefu ndio kila kitu wafurahie aya hii, maana ndiyo ya mwisho kwa upande wao.

Katika mwaka huo wa 1949 ligi mbili ziliungana, na jina la NBA likaanza kutumika. Mchezo wa siku hizo ulikuwa na kasoro kubwa. Hapakuwa na kikomo cha muda wa kushika mpira bila kuurusha kikapuni. Timu iliyotangulia kwa pointi mbili iliweza kuwapa walinzi wake mpira, wakaudunda na kupasiana hadi watazamaji wakasinzia. Tarehe 22 Novemba, 1950, Fort Wayne waliwashinda Lakers kwa pointi 19 kwa 18, na hizo ndizo pointi za mchezo mzima! Walitaka kumnyima Mikan mpira, wakafaulu. Tarehe 6 Januari, 1951, timu ya Holzman yenyewe ilicheza na Indianapolis Olympians mjini Rochester. Muda wa kawaida ukaisha wakiwa sawa, wakaongezewa dakika 5, wakawa sawa tena, wakaongezewa nyingine, hata muda wa nyongeza ukafika mara sita. Sababu yake ni kwamba kila nyongeza iliyoanza, aliyepata mpira aliushika akingoja nukta za mwisho arushe mara moja. Dakika 78 zilichezwa, na Indianapolis wakashinda kwa 75 kwa 73.

Dawa ilipatikana mwaka 1954, nayo ni hesabu ya Darasa la Sita. Danny Biasone, mwenye timu ya Syracuse, aliona kwamba mchezo unaopendeza huwa na mitupo kama 60 kwa kila timu, yaani 120 kwa jumla. Mchezo ni dakika 48, ambazo ni nukta 2,880. Gawanya 2,880 kwa 120, utapata 24. Ndiyo maana hata leo timu ya NBA hupewa nukta 24 za kurusha mpira, wala nambari hiyo haikutoka hewani. Nimeeleza jambo hili kirefu kwa sababu laonyesha Holzman alikulia katika mchezo gani. Alijua, kwa miguu yake mwenyewe, jinsi mpira ulivyoweza kufichwa na mlinzi hodari, na bila shaka alijua pia jinsi ya kumnyang'anya anayeuficha.

Mwaka huo wa 1951, miezi mitatu tu baada ya mchezo ule mrefu, Rochester waliwatoa Lakers katika nusu fainali. Tusifiche: Mikan alikuwa ameumia mguu. Katika fainali wakakutana na New York Knicks, timu ya mji aliozaliwa Holzman. Rochester wakashinda michezo mitatu ya kwanza, wakashindwa mitatu iliyofuata, na tarehe 21 Aprili wakashinda wa saba kwa pointi 79 kwa 75. Huo ulikuwa ubingwa wa pili wa Holzman akiwa mchezaji. Mwaka huo huo wakuu wa ligi wakapanua ile njia iliyochorwa chini ya kikapu, ambayo mshambuliaji haruhusiwi kusimama ndani yake zaidi ya nukta tatu, kutoka futi 6 hadi 12, ili kumsogeza Mikan mbali kidogo.

Sasa nafika mahali ambapo maisha ya Holzman yalipinda. Mwaka 1953 alikwenda timu ya Milwaukee Hawks, na kabla msimu haujaisha akapewa kazi ya kuifundisha huku akicheza. Timu ilikuwa dhaifu. Mwaka 1954 wakampata kijana Bob Pettit, mrefu mwembamba aliyezoea kucheza katikati. Holzman akaona kwamba katikati angevunjwa mbavu na majitu, akamhamishia mbele, na Pettit akawa mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa wakati wake. Mwaka 1955 timu ikahamia St. Louis. Lakini michezo iliyopotezwa ilikuwa mingi kuliko iliyoshindwa, na Januari 1957, timu ikiwa imeshinda 14 na kushindwa 19 msimu ule, Holzman akafukuzwa. Alikuwa na umri wa miaka 36.

Kilichofuata ndicho kinachouma. Miezi michache baadaye timu ile ile, chini ya mwalimu mwingine, Alex Hannum, ikafika fainali na kushindwa na Boston kwa pointi mbili tu katika mchezo wa saba. Mwaka 1958 ikawa bingwa. Pettit, yule kijana aliyehamishwa na Holzman, alifunga pointi 50 katika mchezo wa mwisho. Fikiri mkulima aliyepanda, akapalilia, kisha akafukuzwa shambani mahindi yakianza kubeba, na mavuno yakasifiwa kwa jina la mwingine. Jumla ya kazi yake na Hawks ilikuwa michezo 83 iliyoshindwa na 120 iliyopotezwa, na mtu akitazama nambari hizo tu atasema kwamba Holzman hakuwa mwalimu.

New York Knicks wakampa kazi ya kutafuta vipaji. Kwa muda wa miaka 10 alizunguka Marekani akitazama michezo ya vyuo, usiku baada ya usiku, akiandika majina. Si kazi ya kusifiwa. Hakuna apigaye makofi kwa mtu aliyekaa peke yake jukwaani na penseli. Ila katika miaka hiyo Knicks walimchagua Willis Reed kutoka Grambling, Louisiana, mwaka 1964, tena katika duru ya pili, timu zote zikiwa zimekwisha kuchagua mara moja na kumwacha. Mwaka 1967 wakamchagua Walt Frazier wa Southern Illinois, na katika duru ya pili Phil Jackson, kijana wa North Dakota mwenye mabega mapana ambaye Holzman mwenyewe alisafiri kwenda kumwona. Bill Bradley, aliyechaguliwa tangu 1965, alikuwa amekwenda Uingereza kusoma Oxford miaka miwili kwanza. (Wazazi wasomao gazeti hili watapenda kusikia hilo.)

Mwishoni mwa Desemba 1967 Knicks walikuwa wameshinda 15 na kushindwa 22. Wakuu wa klabu wakamwita Holzman waache wabadilishane: yeye awe mwalimu, na mwalimu Dick McGuire, ambaye naye alikuwa mlinzi zamani, achukue kazi ya kutafuta vipaji. Holzman hakuitaka. Mtu aliyeungua hajongei moto kwa furaha. Akaichukua, na katika michezo 45 iliyobaki timu ikashinda 28.

Alifundisha nini? La kwanza, ulinzi, na ulinzi wake ulianza na macho. Kila mchezaji ajue mpira uko wapi, hata kama mtu anayemkaba yuko upande mwingine wa uwanja. Siku hizo NBA ilikataza timu kulinda eneo; kila mtu alipaswa kumkaba mtu wake. Wengi wakaelewa hivi: mtazame mtu wako, yasiyokuhusu usiyatazame. Holzman akasema sivyo. Jicho moja kwa mtu, jicho moja kwa mpira, na mwenzako akipitwa wewe usogee umsaidie, na mwingine asogee mahali pako. La pili, wakati wa kushambulia, mpira apewe aliye peke yake, awe nani awaye. Asiwe nyota, asiwe rafiki yako, asiwe aliyefunga mara iliyopita. Mambo mawili haya kwa kweli ni moja. Anayeuona mpira anapolinda ndiye atakayemwona mwenzake aliye wazi anaposhambulia. Hayo ni macho ya mlinzi, naye Holzman alitaka watu wote watano wawe nayo, hata Reed wa katikati.

Ili kazi hiyo ifanyike, Desemba 1968 klabu iliwatoa Walt Bellamy, mchezaji wa kati mwenye urefu wa sentimita 211, na mlinzi Howard Komives, wakamchukua Dave DeBusschere wa Detroit. Yaani walimtoa mtu mrefu kuliko wote waliokuwa nao! Reed akahamia katikati ijapokuwa alikuwa mfupi kuliko wengi aliokutana nao huko, DeBusschere akakaa mbele pamoja na Bradley, na Frazier akawa mlinzi pamoja na Dick Barnett.

Msimu wa 1969–70 Knicks walishinda michezo 18 mfululizo, rekodi ya ligi wakati ule. Mchezo wa kumi na nane, tarehe 28 Novemba, 1969, nimeusoma mara nyingi. Waliokutana nao ni Cincinnati Royals, nao si wengine ila ile ile timu ya Rochester aliyoichezea Holzman, iliyohamia Cincinnati mwaka 1957. Zikiwa zimebaki nukta 16 Cincinnati wanaongoza kwa 105 kwa 100. Reed akafunga mitupo miwili ya adhabu: 102. Cincinnati wakaingiza mpira toka pembeni. Aliyeutupa ni Bob Cousy, mlinzi aliyesifiwa kuliko wote wa zamani zake, ambaye sasa alikuwa mwalimu wao na alikuwa ameingia kucheza akiwa na miaka 41. DeBusschere aliuona mpira ule, akaunyaka, akafunga: 104. Cincinnati wakaupoteza tena, Frazier akaufikia, akarusha, ukakosa, lakini akawa amechezewa vibaya. Akapewa mitupo miwili nukta mbili kabla ya mwisho. Akafunga yote: 106 kwa 105. Tazama vizuri: kati ya pointi sita, nne zilitokana na mpira walioupora au kuuwahi wakati ulikuwa mikononi mwa wenzao.

Msimu ule walishinda 60 na kushindwa 22, na hapakuwa na timu iliyofungwa pointi chache kuliko wao. Fainali wakakutana na Lakers, ambao sasa walikuwa Los Angeles na walikuwa na Wilt Chamberlain, sentimita 216. Timu zikashinda michezo miwili miwili. Katika wa tano, tarehe 4 Mei, 1970, Reed akaanguka ameumia paja, akatolewa. Wakati wa mapumziko New York walikuwa nyuma kwa pointi 13, na hawakuwa na mtu wa kumkabili Chamberlain. Hapo Bradley akatoa wazo. Alisema wapange mmoja juu, watatu katikati, mmoja chini, kama vile wanavyoshambulia dhidi ya timu inayolinda eneo, ili Chamberlain alazimike kuchagua: akitoka chini ya kikapu nyuma yake pawe wazi, akibaki warushe toka mbali. Mwalimu mwenye kiburi angemwambia mchezaji anyamaze. Holzman akakubali. Upande wa ulinzi, watu kama DeBusschere wa sentimita 198 na Dave Stallworth wa sentimita 201 wakamkaba Chamberlain, huku wenzao wakiwabana walinzi wa Lakers hata pasi ya kumfikia isipatikane. New York wakashinda kwa 107 kwa 100.

Katika mchezo wa sita ujanja ule haukutosha. Chamberlain alifunga 45 na Lakers wakashinda kwa 135 kwa 113. Tarehe 8 Mei, mchezo wa saba, Reed akatoka chumbani akichechemea, akafunga mitupo yake miwili ya kwanza, na uwanja mzima ukalipuka. Watu wote husimulia habari ya Reed, na ni haki. Mimi nasikitika kidogo kwamba hawamsimulii sana mlinzi: Frazier alifunga pointi 36 na kutoa pasi 19 zilizozaa vikapu. Mwisho ulikuwa 113 kwa 99, ubingwa wa kwanza wa Knicks tangu klabu ianzishwe mwaka 1946. Mwaka 1973, Earl Monroe akiwa ameongezeka, wakawashinda Lakers tena, michezo minne kwa mmoja.

Wenzangu bwenini wana hoja: Holzman alibahatika kupata wachezaji wazuri, na mwalimu yeyote angeshinda nao. Hoja si ya kupuuzwa. Reed na DeBusschere walipostaafu mwaka 1974, Knicks walishuka, na Holzman yule yule alikuwapo. Hakuna mwalimu awezaye kutoa pasi akiwa amekaa benchini. Lakini mimi nawajibu hivi. Wachezaji wale walikuwa chini ya mwingine hadi Desemba 1967 na walikuwa wakishindwa. Tena, nani aliyekuwa jukwaani na penseli walipochaguliwa? Ubishi wetu bado haujaisha, na mwalimu wetu wa michezo amekataa kuamua.

Jambo moja limetufaa. Muhula huu tumeanza kufanya mazoezi nusu saa bila kudunda mpira hata mara moja. Ukiupata, una pasi tu au kutupa. Siku ya kwanza ilikuwa vurugu, kila mtu amesimama amekumbatia mpira kama fenesi, hana wa kumpa. Wiki ya tatu watu wakaanza kukimbilia nafasi. Anayetaka kujaribu aje kiwanjani siku ya Jumatano baada ya usafi, urefu hauulizwi.

Holzman aliacha kazi mwaka 1977, akaitwa tena mwaka 1978, akaacha kabisa mwaka 1982. Mwaka 1986 aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa kikapu, huko Springfield, Massachusetts, mji ambamo James Naismith aliubuni mchezo huu mwaka 1891. Kwa miaka mingi alifundisha bila msaidizi. Phil Jackson alipofanyiwa upasuaji wa mgongo asiweze kucheza msimu wa 1969–70, Holzman alimtumia kumsaidia kuzichunguza timu nyingine. Kijana yule baadaye alikuwa mwalimu wa Chicago na Los Angeles, akapata ubingwa mara 11. Wa sita alioupata na Chicago ulikuwa Juni 1998, na Novemba 13 ya mwaka huo huo Holzman akafariki, akiwa na miaka 78.

Katika uwanja wa Madison Square Garden, New York, Knicks hutundika juu nambari za jezi za wachezaji wao wakubwa, wasivae wengine tena: 19 ya Reed, 10 ya Frazier, 22 ya DeBusschere, 24 ya Bradley. Holzman hakupata kuvaa jezi ya Knicks kama mchezaji. Kwa hiyo wametundika 613, ambayo ni hesabu ya michezo waliyoshinda akiwa mwalimu wao.